Milisekunde Mia Tatu na Arobaini

Pedali niliinunua Gerezani, ya mtumba,
rangi ya kijani imechubuka pale kilipozoea kisigino cha mtu.
Muuzaji akaniapia kwa mama yake
kwamba inarudisha sauti kama mapango ya Amboni.
Sikutaka pango. Nilitaka sekunde nne tu
za upande wa pili wa kaseti ya baba,
pale Fikirini Ligoneko anapopanda shingo ya gitaa
na kila noti anayoiacha
inamfuata nyuma kidogo, kama mtoto aliyeshikwa mkono sokoni.

Chumba Mburahati. Feni ya meza, dirisha la wavu,
amplifaya juu ya ndoo ya unga.
Mia mbili: karibu mno, noti zinakanyagana visigino.
Mia tano: mtu anaitikia salamu ya jana.
Nikaongeza marudio, nikapunguza, nikaongeza,
mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukutani:
"Shomvi! Hicho kidude kina kwikwi?"

Usiku wa kumi na moja ndipo nikasikia.
Mwangwi ule haukumfuata mama yake.
Fikirini anapiga kwa ukucha, kavu;
kinachorudi kina nyama ya kidole.
Na mahali pamoja, ubeti wa tatu,
kinachorudi kimekosea.

Mashine haikosei hivyo.
Mashine hukosea ulichokosea wewe.

Jalada la kaseti: solo, Ligoneko. Besi, fulani. Tumba, fulani.
Basi.
Nikaulizia Magomeni, nikaulizia Temeke,
wapiga tarumbeta waliostaafu na meno yao,
hadi mmoja akasema, "Aa, Chande Mtulia?
Anasuka mota za feni, Tandika, nyuma ya mashine ya kusaga."

Nilimkuta katikati ya waya wa shaba,
anahesabu mizunguko kwa midomo.
Hasemeshwi mpaka afike mia nne.
Nikasubiri. Unga ulituangukia sote, mweupe,
tukafanana umri.

Nikamwekea kaseti.
Penye kosa akacheka mpaka akashika kifua.
"Mbu," akasema. "Pale aliniuma mbu.
Studio madirisha wazi, na mimi wamenisimamisha nyuma ya pazia."
Kisha, huku anakata waya kwa jino:
"Yule bwana hakunifundisha wimbo hata mmoja.
Leo anaupiga hivi, kesho vile.
Ningefanyaje? Nikawa nangoja aseme, ndipo niseme.
Watu wakaita ufundi."

Nikatoa pedali mfukoni.
Akatazama skrubu kwanza, kama fundi yeyote,
akanusa betri,
akazungusha nobu ya marudio hadi chini, kwenye moja.
"Sikuwahi kurudi mara tatu.
Nilirudi mara moja, nikanyamaza. Wimbo ni wake."
Nobu ya muda akaigusa kwa ncha ya kidole gumba,
akaisogeza, akairudisha unywele mmoja.
"Hapo. Hapo ndipo nilipokuwa nakaa."

Nilitaka kumuuliza kama walimlipa.
Akaingia mteja na pangaboi kwapani,
wakaanza kubishana bei,
na hesabu ya waya ikaanza upya: moja, mbili, tatu.

Sasa nakaa hapo alipokuwa anakaa,
mia tatu na arobaini, rudio moja.
Noti inatoka, inageuka, inanikuta.
Ni yenyewe. Baba angelikaa kitandani, angelivua viatu.
Lakini ubeti wa tatu unapita salama kila usiku,
safi, umenyooka kama uongo uliokaririwa,
na mimi navizia lile kosa
na halinijii.

Jana nimeung'oa wavu dirishani.
Mama mwenye nyumba ananiuliza nina akili gani,
msimu wenyewe huu, mtaro wenyewe ule.
Sijamjibu. Napiga.
Mkono wa kushoto nimeuacha wazi hadi kwenye kiwiko.